Askari Aliyepofuka, na Mkewe

Majuma machache yaliyopita nilipokea barua ya bibi mmoja ambaye, kwa ajili ya heshima yake, sitataja jina lake wala kijiji chake. Mumewe alikuwa askari katika jeshi letu, akapelekwa Somalia, na huko gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Amerudi nyumbani ana mikono yake na miguu yake, lakini macho yote mawili yamekwenda. Bibi huyu hakuandika kuomba fedha. Aliandika ya kuwa wageni wengi wamefika kumpa mumewe pole, kila mmoja ameketi karibu naye na kumshika mkono, na yeye mke amewapikia wote chai, wala hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama alilala usiku. Kisha akaniuliza mambo mawili. Kwanza, hospitali ikishamaliza kazi yake, ni nani anayemfundisha mtu mzima kuishi bila macho? Pili, je, ni wajibu wake kumfanyia mumewe kila kitu, kumvika na kumlisha na kumshika mkono hata mlangoni pa choo? Maana ndivyo anavyoagizwa na mama mkwe wake.

Nimeona ya kuwa majibu haya yatawafaa wengi, kwa hiyo nayaandika hapa. Wala si majibu yangu mimi. Ni ya watu waliopita njia hii zamani, nao waliipita kwa taabu, wakijikwaa.

Tuanze na hospitali. Watu wengi hudhani ya kuwa askari akipofuka, kazi ya daktari imekwisha siku ile ile. Sivyo. Jicho lililotobolewa na kipande cha chuma huweza, ingawa ni mara chache, kulidhuru jicho la pili ambalo halikuguswa kabisa. Mwili huanza kupigana na jicho lake wenyewe kana kwamba ni adui. Ndiyo sababu madaktari wa vita vya zamani walikuwa wepesi wa kuliondoa jicho lililokwisha kuharibika, nao walijitahidi kufanya hivyo kabla majuma mawili hayajapita. Ndugu za wagonjwa waliwaona kuwa wakatili, kumbe walikuwa wakiliokoa lile lililobaki. Basi askari aliyebakiwa na jicho moja asikae nyumbani na wekundu, au maumivu, au ukungu katika jicho hilo, hata kama aliumia miaka mingi nyuma. Na aende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Kadhalika mlipuko unaoharibu macho huharibu masikio pia, na kwa mtu asiyeona masikio ni mali kuliko fedha. Apimwe masikio hata kama hajalalamika. Wako pia askari ambao macho yao hayana jeraha lolote, walakini hawaoni vema, au huona upande mmoja tu wa sahani, kwa kuwa mtikiso wa bomu umeumiza sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho. Watu wa namna hiyo wamesingiziwa mara nyingi ya kuwa wanajifanya wagonjwa ili wapate pensheni. Tena kuna jicho la bandia. Zamani lilitengenezwa kwa kioo, na mafundi wake hodari walikuwa Wajerumani. Vita Vikuu vya Pili vilipoikata biashara hiyo, mafundi wa meno wa jeshi la Marekani walishika kazi wakatengeneza macho ya plastiki, yasiyovunjika yakianguka chini. Hilo ndilo linalotumika zaidi hata leo, nalo linataka kuoshwa, na kidonda chake kuangaliwa na daktari mara kwa mara.

Jambo moja zaidi, na hili linamhusu mke kuliko jirani yeyote. Mwili wa mwanadamu huujua usiku na mchana kwa nuru inayoingia machoni. Mtu asiyeona hata mwanga wa jua, saa iliyo ndani ya mwili wake huweza kupotea, ikazunguka hovyo, naye akawa macho saa nane za usiku na kusinzia adhuhuri. Nyumba nzima huteseka. Mke hudhani ni majonzi, wazee hudhani ni uchawi, na askari mwenyewe hudhani ya kuwa akili zake zinamtoka. Kumbe ni hali inayojulikana kwa madaktari, nao wanazo njia za kuipunguza, lakini hawawezi kuitibu ikiwa hakuna aliyewaeleza. Na mara nyingi anayeweza kuieleza sawasawa ni yule aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa. Kwa hiyo mke naye aingie ndani ya chumba cha daktari. Asiachwe nje kwenye benchi akishika begi.

Hayo ni ya mwili. Swali la bibi yetu lilikuwa juu ya maisha.

Mwaka 1915, vita vya Wajerumani vilipokuwa vikali na vijana walikuwa wakirudi kutoka Ufaransa na Gallipoli wamefungwa vitambaa usoni, alikuwako mjini London mwenye magazeti aitwaye Arthur Pearson, mtu aliyeanzisha gazeti la Daily Express. Yeye hakupigana vita, lakini alikuwa amepofuka ukubwani kwa ugonjwa wa glakoma. Alifungua nyumba kwa ajili ya askari waliopofuka, na muda si mrefu nyumba hiyo ikahamia katika jumba lililoitwa St Dunstan's, ndani ya Regent's Park, nayo ikajulikana duniani kwa jina hilo. Hapo walifundishwa kusoma Breli, kupiga taipu, kukanda viungo vya wagonjwa, kusuka vikapu, kutengeneza viatu, useremala, kazi ya simu na ufugaji wa kuku. Lakini kilichonivutia mimi zaidi katika habari zake ni kitu kidogo. Askari aliyefika alipewa saa ambayo uso wake ulikuwa na nukta za kupapasa kwa kidole. Mtu aweza kucheka, akasema saa ni nini kwa mtu aliyepoteza macho? Lakini fikiri. Mtu asiyejua saa humwuliza mkewe mara ishirini kwa siku, na kila mara anapouliza anajiona mtoto mdogo, na kila mara anapojibu mke anajiona yaya.

Pearson alitumia pia walimu waliokuwa vipofu wenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hekima yake iliyo kubwa. Mwalimu mwenye macho akimwambia askari ya kuwa atajifunza, askari hujibu moyoni, "Wewe wasema hivyo kwa kuwa waona." Kipofu akimwambia hivyo hana la kujibu.

Miongoni mwa vijana waliopita hapo alikuwako Ian Fraser, aliyepigwa risasi katika mapigano ya Somme mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1918 alimwoa Irene Mace, aliyekuwa akifanya kazi St Dunstan's. Pearson alipofariki mwaka 1921, Fraser akawa mwenyekiti, na alikikalia kiti hicho mpaka mwaka 1974, akiwa pia Mbunge na baadaye Lodi. Yeye alikuwa mmoja wa walioshughulikia vitabu vya kusikilizwa katika santuri, vilivyoanza kutolewa Uingereza mwaka 1935, faraja kubwa kwa wale ambao vidole vyao vilikuwa vigumu kwa Breli. Watu humsifu Fraser, na anastahili. Lakini mtu akisoma maisha ya waume kama hawa, na aulize pia ni nani aliyewasomea barua zao na magazeti yao kila asubuhi kwa miaka hamsini.

Mwingine alikuwa Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepofuka Gallipoli mwaka 1915. Huyu twapaswa kumjua, kwa sababu kazi yake ilifika kwetu. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja alikwenda India, akaongoza nyumba ya St Dunstan's iliyofunguliwa Dehra Dun kwa askari wa India waliopofuka. Baadaye alifanya kazi na UNESCO ya kupatanisha maandishi ya Breli ya lugha mbalimbali za dunia, na katika miaka ya 1950 alikuja Uganda kuongoza shirika la kuwasaidia vipofu wa nchi ile. Askari mmoja aliyepofuka, akiisha kufunzwa, alifika mabara matatu kuwafunza wengine.

St Dunstan's ingaliko, ingawa tangu mwaka 2012 inaitwa Blind Veterans UK, na wengi wa wale inaowahudumia sasa si waliopigwa na makombora, bali ni wazee waliotumikia jeshi wakiwa vijana, na macho yao yakaharibika kwa uzee au kwa maradhi. Jambo hilo nalo lafaa kukumbukwa hapa petu. Askari mstaafu aliyepofushwa na glakoma au kisukari akiwa na miaka sabini ana giza lile lile, na mkewe ana kazi ile ile, naye huenda ni bikizee mwenye maumivu ya magoti.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana huko ndiko ambako jambo la askari kusaidiana wenyewe kwa wenyewe lilipata nguvu ya pekee. Katika vita vile vya pili jeshi la Marekani lilichukua shule moja huko Connecticut, iitwayo Avon Old Farms, na kuifanya mahali pa kuwafunza askari waliopofuka. Tarehe 28 Machi, 1945, vita vikiwa bado havijakwisha, askari kama mia moja waliokuwa wakifunzwa hapo walikutana wakaunda chama chao, Blinded Veterans Association. Hawakutaka kiwe chama cha watu wema wenye macho wanaowahurumia vipofu. Kilikuwa chao. Kiliwapokea weupe na weusi, jambo ambalo wakati ule, katika nchi ile, halikuwa dogo. Hata leo wajumbe wake wanaozunguka majimboni kuwatafuta askari waliojifungia nyumbani ni watu ambao wao wenyewe walipoteza macho. Wake na jamaa nao wakawa na ushirika wao kando ya chama hicho.

Serikali nayo ilifungua mwaka 1948 kituo cha mafunzo katika hospitali ya Hines, karibu na Chicago. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Russell Williams, askari aliyepofuka Ufaransa mwaka 1944. Hapo ndipo ilipokuzwa elimu ya fimbo ndefu. Labda msomaji hudhani fimbo ya kipofu ni fimbo tu, lakini sivyo. Sajini mmoja, Richard Hoover, aliyekuwa katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, aliona ya kuwa fimbo fupi ya mzee haimfai kijana anayetaka kutembea upesi. Akatengeneza iliyo nyepesi na ndefu, inayofika kifuani, na akafundisha namna ya kuipeleka kulia na kushoto kwa mwendo wa miguu: mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha ya fimbo iko kulia, mahali ambapo mguu wa pili utakanyaga. Hivyo fimbo huwa imekwisha kupita kila mahali kabla mguu haujafika. Walimu wa fimbo hiyo walifunzwa kwa kufungwa kitambaa machoni, watembee mjini katikati ya magari mpaka woga uwatoke. Ningependa maofisa wetu wanaopanga njia za miguu za Nairobi wafungwe vitambaa hivyo kwa saa moja tu.

Walakini nisije nikawapotosha wasomaji wakadhani Marekani kila askari alitendewa haki. Tarehe 12 Februari, 1946, Sajini Isaac Woodard, mtu mweusi aliyetumikia Pasifiki, alipewa karatasi yake ya kuachishwa jeshi katika kambi ya Georgia, akapanda basi kurudi kwao akiwa na sare yake. Njiani alibishana na dereva kwa sababu ya kuomba kwenda chooni. Katika mji mdogo wa Batesburg, South Carolina, polisi walimshusha, na mkuu wao akampiga kwa rungu mpaka macho yote mawili yakaharibika. Mkuu huyo alishtakiwa mwaka ule ule, akaachiliwa. Habari hizo zilimchoma moyo Rais Truman, naye mwaka 1948 akatoa amri ya kuondoa ubaguzi katika majeshi. Lakini mimi, karani, nimekaa nikitafakari jambo jingine. Pensheni kamili Woodard alinyimwa kwa miaka mingi, kwa sababu alipofushwa saa chache baada ya karatasi yake kutiwa sahihi, na kwa hiyo katika faili hakuwa askari tena. Sisi tunaoshika mafaili twajua jinsi tarehe moja inavyoweza kuwa ukuta. Kila ofisi ina ukuta kama huo, na mara nyingi anayegonga kichwa hapo siye mume, maana yeye hawezi kusafiri peke yake. Ni mkewe, na mtoto mgongoni.

Twaja basi kwa mke. Katika fomu nyingi nilizoziona maishani mwangu, mke wa askari ana mstari mmoja: jina lake, na kama yungali hai. Kwa muda mrefu hata nchi tajiri hazikumjua zaidi ya hapo. Marekani iliweka tangu mwaka 1973 mpango wa matibabu kwa wake na watoto wa askari ambao ulemavu wao ni kamili na wa kudumu. Lakini kazi yenyewe ya mke, ya usiku na mchana, haikuhesabiwa kuwa kazi mpaka sheria ya mwaka 2010. Kwa sheria hiyo, mke au jamaa amtunzaye askari aliyeumia sana hufunzwa namna ya kumtunza, hulipwa posho ya mwezi kwa jina lake yeye, hupewa matibabu ikiwa hana bima, hupata mtu wa kuzungumza naye juu ya majonzi yake, na tena hupewa siku zisizopungua 30 kila mwaka za kupumzika, mtu mwingine akishika nafasi yake. Siku thelathini! Soma tena sentensi hiyo, wewe ambaye shemeji yako ana mume kipofu nawe hujamwambia hata siku moja aende kwao akapumzike.

Hata sheria hiyo ilikuwa na ukuta wa tarehe. Ilianza kwa wale walioumia tangu tarehe 11 Septemba, 2001 tu. Wake wa waliopigana Vietnam, ambao walikwisha kufanya kazi hiyo kwa miaka arobaini bila senti moja, waliambiwa wangoje. Sheria nyingine ya mwaka 2018 ndiyo iliyowafungulia mlango, nao waliingia mwaka 2020, na wengine waliobaki wakaingia mwaka 2022. Katika kungoja huko wako waliokuwa wamekwisha kuzikwa.

Na hapa kwetu je? Jeshi la Wokovu lilianza shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na Chama cha Kenya cha Kusaidia Vipofu kiliwekwa kwa sheria mwaka 1956. Iko shule ya ufundi ya vipofu Machakos, na uko Umoja wa Vipofu wa Kenya, ambao ni wa vipofu wenyewe. Wala elimu ya kumfunza upya mtu mzima si ngeni kwetu. Bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti, 1998, watu zaidi ya mia mbili walikufa, na wengi sana waliumia macho, kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia madirishani kutazama, ndipo kishindo kikubwa kikawajia na vioo. Hao walikuwa makarani, walimu, wafanya biashara, watu wenye waume na wake. Baadhi yao walijifunza fimbo na Breli wakiwa na umri wa miaka arobaini, wakarudi kazini. Kwa hiyo nimemjibu bibi yetu swali lake la kwanza hivi: wako watu wa kumfundisha, na mume asipelekwe kwao kama mzigo, bali aende mwenyewe, akisindikizwa. Na kabla ya kumtafuta mwalimu, atafutwe kwanza kipofu mmoja aliyekwisha kuizoea hali hiyo, ikiwezekana askari, aje akae naye alasiri moja wakiwa wawili tu. Mke asiogope wakicheka kwa sauti kubwa mambo ambayo si ya kuchekwa. Ndivyo inavyokuwa.

Swali la pili ni gumu kwa sababu lina mama mkwe ndani yake. Mama huyu anampenda mwanawe. Anapomwona akipapasa ukuta moyo wake unapasuka, na anataka mtu akimbie kumshika. Lakini mtu anayelishwa atasahau njia ya kijiko, na mume anayevikwa shati na mkewe kila asubuhi ataanza kumwogopa mkewe, kisha atamchukia. Nimeona nyumba ya namna hiyo katika mtaa niliokaa zamani. Mke alikuwa mwema kupita kiasi, na mume alikuwa mkali kupita kiasi, na wala hakuna aliyejua ya kuwa mambo hayo mawili ni ndugu. Basi mume avae mwenyewe, hata kama vifungo vitakwenda kombo kwa mwezi mzima. Ale mwenyewe, mke amwambie tu ya kuwa nyama iko upande wa mlango na ugali uko upande wake. Wakitembea pamoja, si mke amshike mume na kumsukuma mbele kama toroli, bali mume ashike kiwiko cha mke, mke atangulie nusu hatua, na kwa mwendo wa kiwiko kile mume atajua ngazi na shimo. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, maana mlango ulioachwa nusu humpiga mtu usoni. Jembe lirudishwe mahali pake. Na mtu anapoingia chumbani aseme neno, na anapotoka aseme pia, kwa kuwa hakuna aibu kama ya kuzungumza na kiti kitupu.

Kazi nayo isiondolewe yote mikononi mwake. Kukama ng'ombe hakutaki macho. Kupukuchua mahindi, kuchota maji kwa kufuata kamba iliyofungwa kutoka mlangoni hata penye tangi, kuwasimulia watoto, kuamua kesi za nyumba, hayo yote ni yake. Nami naongeza ya kuwa siku hizi jeshi lina wanawake pia, na wako watakaorudi kwa waume zao hali hii. Waume hao na wasome maneno haya wakijua ya kuwa yanawahusu wao, wala wasitafute dada wa kazi wa kuwasomea.

Sasa neno la fedha, ambalo bibi yetu hakuliuliza, lakini katika barua yake nililiona limejificha. Askari akipofuka, mara ndugu hujitokeza wa kumshikia pensheni yake. Huenda ni mwaminifu. Lakini siku hizi fedha ziko katika simu, na anayejua namba ya siri ndiye mwenye fedha. Simu nyingi za sasa zina sauti ndani yake inayomsomea mtu kila anachokigusa, naye akitia kisikizi sikioni aweza kubonyeza namba yake ya siri bila mtu yeyote kujua, hata mkewe. Nasema hata mkewe, nami najua baadhi ya mabibi watanikasirikia. Lakini mke ambaye hakushika fedha kwa siri hataweza kusingiziwa na shemeji zake baadaye, na mume anayempa mkewe fedha kwa mkono wake mwenyewe angali mume.

Na katika ofisi asikubali kuchovya kidole katika wino ikiwa zamani alijua kuandika. Chukua kadi ngumu, mfano wa ile ya boksi la viatu, ukate tundu refu na jembamba, lenye upana wa mstari mmoja wa daftari na urefu wa sahihi yake. Mke au karani ailaze kadi juu ya karatasi mahali panapotakiwa, mume apapase tundu kwa kidole cha kushoto na kutia sahihi ndani yake kwa mkono wa kulia. Ajizoeze nyumbani kwanza. Kadi yenyewe akae nayo mfukoni mwa shati, maana karani atakayemkuta hatakuwa nayo.

Wasomaji ambao nyumbani kwao yuko askari asiyeona, nao wamevumbua njia zao wenyewe za jikoni au za shambani, na waniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Nitazichapa kadiri nafasi itakavyoruhusu. Barua zisizotaka jina kutajwa ziandikwe hivyo juu.